Stakabadhi ya Kromi

Miaka kumi na tisa nilikaa mizanini,
ghala la chama cha msingi, Newala,
gunia likipanda, gunia likishuka,
nikiandika kilo kwa wino wa buluu
na makato kwa wino mwekundu.
Kwa hiyo usinidanganye, kidonge.

Umeletwa na Hokororo, mtoto wa kaka,
chupa nyeupe, kizibo cha kukandamiza kwanza ndipo ukizungushe,
ubavuni pameandikwa: kromi, mikrogramu mia mbili.
"Shangazi, hii inakula sukari."
Inakula? Ina meno?
Siku arobaini nimekumeza
juu ya ugali wa muhogo na kisamvu,
na asubuhi kipimo kinasoma yaleyale:
kumi na moja nukta nne.

Nikaenda maabara kwa Sikudhani,
anayenitoboa kidole tangu mwaka ule
nilipoanza kuamka mara tano usiku kwenda uani.
Nikamwambia, nipe hesabu.
Mzigo umeingia mia mbili. Uko wapi?

Alicheka. Akageuza fomu ya mkojo,
akachora utumbo unavyojikunja
kama barabara ya kuteremka Kitangari.
Kwenye mia mbili, akasema, mlangoni hupita moja.
Mbili.
Ukibahatika sana, tano.
Nyingine hazigombani na mtu,
zinateremka na makapi mpaka chooni.

Hata msimu ule bei ilipoanguka
na wakulima wakalala nje ya ghala na korosho zao
hatukukata namna hiyo.

Na iliyopita mlango nayo haina miguu.
Kwenye damu inadandia protini ileile ibebayo chuma,
inakaa kiti cha nyuma kama chuma hakijajaza,
inashushwa kwenye ini, inashushwa kwenye wengu,
nyingine inajipenyeza mfupani ikae
kama mpangaji asiyelipa wala asiyefukuzwa.
Sehemu kubwa figo huiita mapema
ikatoka na mkojo.
(Kumbe zile safari zangu za uani
nilikuwa nasindikiza mzigo.)

"Vitamini C husaidia kuipitisha," akasema.
Bibo! nikaruka. Mabibo yanaoza chini ya mikorosho yangu!
"Bibo lina sukari, mama."
Tukatazamana.
Halafu akaniuliza kuhusu kiungulia,
kuhusu vile vidonge vyeupe vya chokaa
ninavyovitafuna kila usiku kama karanga.
Hivyo, akasema, huufunga mlango.
Arobaini usiku nimefunga mlango kwa mkono wangu
na asubuhi nikalaumu mgeni hakuingia.

Mama yangu aliteka maji bondeni.
Alitoka jogoo hajawika, akapanda ukingo
na debe kichwani, matawi ya majani juu ya maji yasirukeruke,
na bado alifika limepungua vidole vinne.
Hakurudi kuyatafuta njiani.
Aliangalia ndani ya debe, akagawa:
ya uji, ya mtoto, ya mbuzi.

"Na hizo mbili zinazobaki," nikauliza, "kazi yake nini?"
Sikudhani alifunika kalamu.
"Inasemekana huishika mkono insulini.
Wengine wamepima wakaona. Wengine wamepima wasione."
Jibu hilo nililipenda. Gunia likifika halina alama
sisi tuliandika hivyo hivyo: halina alama.

Jioni nimetoa kitabu cha zamani, kurasa zimeliwa na mende.
Kilichoingia: mia mbili.
Makato: mia moja tisini na nane, wino mwekundu.
Ghalani: ini, wengu, labda mfupa wa paja.
Sahihi ya mpokeaji:
hapo nimepaacha.

Dawa ya hospitali nimeshameza.
Wewe, wa arobaini na moja, uko mezani, kando ya glasi.
Simu inaita. Ni Hokororo,
anataka kujua kama zinakaribia kwisha
aagize nyingine.